Dakika Mbili Kabla ya Kuzima Injini

Dereva wa gari la wagonjwa alinunua gari la michezo la viti viwili akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Majirani walipomuuliza sababu, aliwajibu wote jibu moja: gari hilo halina mahali pa kumlaza mtu. Walicheka, wakidhani anatania.

Kazini wanamwita King'ora, kwa kejeli, maana ni mtu anayeweza kumaliza zamu nzima bila kutoa sauti. Ana miaka kumi na tisa kwenye kazi hiyo, katika hospitali moja ya serikali. Chumba cha madereva kina meza moja, viti vinne visivyofanana na birika la umeme ambalo mfuniko wake umefungwa kwa bandeji. Simu ya ukutani ikilia, King'ora huwa nje ya geti baada ya sekunde arobaini. Hakuna dereva mwingine aliyewahi kuifikia rekodi hiyo, na siri yake ni ndogo tu. Anaegesha kinyumenyume, pua ya gari ikitazama geti. Ufunguo hautoki kwenye swichi. Tangi halishuki chini ya nusu. Anawasha na kuondoka kwa pumzi moja, injini iwe ya moto au ya baridi. Anayemsubiri huko aendako hana muda wa kungoja injini ipate joto.

Mkewe ni mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari. Walijaliwa mapacha, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, ambao sasa wako vyuoni na hupiga simu wakiishiwa. Mume na mke wanaitana Baba Pacha na Mama Pacha, hata wanapogombana, ingawa kugombana kulikoma siku nyingi.

Kulikoma miaka mitatu kabla ya gari kununuliwa. Siku hiyo simu ya ukutani ililia, na anwani iliyotajwa ikawa ya kaka yake mkubwa. Moyo. Muuguzi aliyekaa nyuma na mgonjwa, mama mmoja mwenye maneno mengi ambaye humwita King'ora "shemeji" bila undugu wowote, anasema safari nzima gari halikuyumba hata kidogo. Kaka alikata roho kabla hawajafika darajani. Dereva aliambiwa, akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Alipofika aliingia mapokezi kinyumenyume, akalinyoosha gari katikati ya mistari, akajaza fomu ya safari: saa ya kutoka, saa ya kufika, hali ya mgonjwa. Penye jina la mgonjwa aliandika majina matatu, na mawili ya mwisho yalikuwa yake pia. Kisha simu ikalia tena. Sekunde arobaini.

Msibani watu walimsifu. Amejikaza kiume, walisema, wakampigapiga bega. Mkewe alikuwa akisubiri. Alidhani itachukua wiki, halafu akadhani mwezi. "Nilikuwa nangoja alie," anasema. "Hata kama ni kwa kitunguu."

Mwenyewe hana maelezo marefu. "Siumii," anasema. "Ningekuwa naumia ningesema. Ni kama mkono ulioulalia. Unauona, ni wako, lakini ukiugusa ni kama wa mtu mwingine."

Gari lile la michezo lilikuwa la daktari wa meno wa hospitali hiyohiyo. Asubuhi moja daktari alikuwa amechelewa na akaliacha mbele ya njia ya magari ya wagonjwa. Wenzake wakamtupia King'ora ufunguo alisogeze. Zilikuwa mita kumi tu, kutoka njiani hadi chini ya ukuta. Lakini kiti kilikuwa chini sana, karibu na ardhi, na mtetemo wa injini ulipita kwenye kiti ukapanda uti wa mgongo mpaka kisogoni. Alipofika ukutani hakushuka mara moja. "Nilisikia kitu mgongoni," anasema. Hajui kukieleza zaidi ya hapo. Ila tangu siku ya daraja, hakuwa amesikia kitu popote.

Miezi miwili baadaye mgongo wa daktari ulimshinda, akabandika tangazo kwenye mlango wa kantini: gari linauzwa, umri miaka ishirini na moja, milango miwili, turbo, rangi ya fedha, sababu ya kuuza ni kiuno.

King'ora hakwenda peke yake kulikagua. Alimchukua fundi anayeitwa Sikio, mtu mfupi wa miaka sitini ambaye hutambua ugonjwa wa injini kwa kuweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma na mpini kwenye sikio lake. Sikio alikuja na bisibisi hiyo, tochi, na sumaku iliyoviringishwa kwa kitambaa isije ikachubua rangi. Hakutumia hata kimoja. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa.

"Daktari, umeliwasha leo?"

"Nimelipasha kidogo tu, lisije likawasumbua."

"Basi tunarudi kesho."

"Kesho? Kwani lina nini?"

"Sijui lina nini, ndiyo shida. Wewe mgonjwa akija kwako amejaza dawa za maumivu, akakwambia jino haliumi, unamwamini?"

Walirudi kesho yake. Injini ilikuwa ya baridi na iliwaka kwa mara ya kwanza, bila moshi. Sumaku ilinata vizuri mwili mzima isipokuwa nyuma ya tairi la kushoto, ambako ilianguka. Chini ya rangi pale kulikuwa na puti, kovu la ajali ndogo ya zamani. Namba ya chasisi ililingana na ya kadi. Matairi manne yalikuwa ya kampuni nne. Bei ilikuwa chini ya ile ya gari la kawaida la familia la umri huohuo, na King'ora akauliza kulikoni.

"Wenye hela wanataka jipya," Sikio alimjibu, "na wasio na hela wana watoto. Hili linamngoja mtu kama wewe."

Pamoja na ufunguo, daktari alimkabidhi kadi, moja ya zile za kuandikia wagonjwa siku ya kurudi, imejaa mwandiko pande zote mbili. "Soma hii," alisema. "Ni fupi." King'ora aliiweka kwenye kisanduku cha dashibodi. Miaka kumi na tisa alikuwa akibeba makaratasi yenye mwandiko wa madaktari kutoka mlango huu kwenda mlango ule, na hata siku moja kazi yake haikuwa kuyasoma.

Mkewe alilizunguka gari mara moja, mikono kiunoni.

"Baba Pacha. Tuko wanne. Viti viwili. Umemtoa nani?"

"Watoto wako chuoni."

"Kwa hiyo nimebaki mimi."

"Ndiyo."

"Haya, nifungulie."

Akaingia, magoti yakakaribia kidevu. Walizunguka mtaa, wakarudi. Alisubiri aambiwe jambo, hata kuhusu gari lenyewe. Alipoona kimya alisema ni kama kukaa sakafuni kwa watu, akashuka kwa kushika mlango kwa mikono miwili. Hakuomba kupanda tena.

Kwa miezi kumi King'ora alilitunza gari kama alivyofundishwa kutunza la hospitali. Kila asubuhi alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakisoma. Jumamosi alishinda gereji ya Sikio. Walibadilisha plagi, mipira ya breki iliyokuwa imepasuka kama kisigino, na mota ya kioo cha kulia waliyoitoa kwenye gari lililokatwa vipande. Walipata matairi mawili yaliyofanana, halafu mawili mengine. Viti aliviosha kwa klorini, kama anavyoosha kitanda cha wagonjwa, na ngozi nyeusi ikatoka mabaka meupe.

"Umelifanyia upasuaji?" Sikio aliuliza.

"Nimelisafisha."

"Nani alikuwa na kipindupindu humu?"

Na kila siku kabla ya kazi, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, na Jumapili saa moja, alikwenda barabara ya mzunguko, kilomita kumi na nne kwenda na kumi na nne kurudi. Alilaza gari kinyumenyume uani, pua ikitazama mtaani. Mkewe, akiwa bado kitandani, aliusikia mlango, injini na kuondoka kama mlio mmoja. Alipiga hesabu siku moja kwa saa ya simu, kwa sababu ndiyo kazi yake. Sekunde arobaini.

Barua ya mkewe mwalimu ilikuja mwezi wa kumi na moja. Alikuwa amepandishwa cheo kuwa makamu mkuu wa shule, katika mji ulio mwendo wa saa sita kwa gari. Nyumba ya mwalimu ilikuwepo, vyumba vitatu. Shule ingetuma pikapu kubeba mizigo. Aliiweka barua mezani chini ya kopo la sukari, mahali ambapo mtu hawezi kunywa chai asiione.

"Sawa," mumewe alisema baada ya kuisoma.

"Sawa nini?"

"Ni nafasi nzuri."

"Najua ni nzuri, nimeiomba mwenyewe. Nakuuliza wewe."

"Wewe unaonaje?"

Akaikunja barua. Jioni hiyo, akianua nguo, alizungumza na dada yake kwa simu na hakujali kama dirisha liko wazi. Alisema atakwenda, hilo limekwisha. Lakini kwenda kuna namna mbili. Mume akisema jambo lolote la kuonyesha kwamba anamtaka arudi, atakwenda kama mtu aliyekwenda kazini. Asiposema, anabeba kila kilicho chake, na haachi hata kijiko.

"Sitaki hotuba," alisema. "Neno moja. Ana mpaka pikapu ifike."

King'ora alikuwa jikoni. Alisikia kila kitu. Anakumbuka alijiambia kwamba hili ni jambo kubwa, kama mtu anavyosoma kibao cha barabarani kinachoonya kuhusu kona.

Asubuhi ya pili yake turbo, ile feni ndogo inayoisukumia injini hewa, ilikufa. Ilianza kwa mluzi mwembamba, halafu moshi wa buluu ukajaa kwenye kioo cha nyuma, na gari likaishiwa nguvu kwenye kipande cha barabara ambacho hata baiskeli hukipanda bila shida. Sikio alikuja kulivuta.

Gerejini alifungua turbo, akaiweka kwenye gunia, akamshika King'ora kidole na kukiweka kwenye mhimili wake mdogo. Ulitakiwa uzunguke bila kucheza. Ulicheza kama jino la mtoto.

"Asubuhi unaliwashaje?" Sikio aliuliza.

"Nawasha, naondoka."

"Baada ya muda gani?"

"Naondoka."

"Na ukifika?"

"Nazima."

Sikio alipangusa mikono polepole. Alikwenda kwenye kisanduku cha dashibodi kutafuta kifungulio cha nati za matairi, akarudi na kadi ya daktari wa meno. Akaisoma kwa sauti, akiishika mbali na macho. Asubuhi, washa, subiri dakika mbili, kisha endesha taratibu mpaka mshale wa joto ufike katikati. Ukifika uendako, usizime. Subiri dakika mbili. Turbo inapozwa na oili. Ukizima ghafla, oili inaungulia ndani na beringi zinakwisha. Mwisho daktari alikuwa amepigia mstari: *Tafadhali.*

"Umekaa nayo miezi kumi?"

"Gari la wagonjwa haliwezi kungoja," King'ora alisema.

"Ndiyo maana gereji yenu haikosi kazi. Lakini hili si la wagonjwa, ndugu yangu. Humu ndani nani anakufa?"

Lilikuwa swali la gerejini, la kumsuta mtu aliyeharibu kitu. King'ora alisimama na kidole chenye oili, akiwa amekinyoosha mbele, asijue akifutie wapi. Sikio alimpa kitambaa.

Ilichukua siku kumi na moja kupata turbo nyingine, iliyotolewa kwenye gari lililogongwa nyuma na kubaki zima mbele. Siku hizo zote King'ora alikuwa nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Alikunywa chai mezani na mkewe, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwa mwaka, na kati yao kulikuwa na makatoni. Mwalimu alikuwa anafungasha. Siku ya tatu mumewe akaanza kumsaidia. Alibandika utepe kwenye maungio, akageuza kila katoni, akaandika ubavuni kilichomo, kwa mwandiko wake wa kujazia fomu: *Vitabu, kidato cha tatu. Vyombo, vya udongo. Cherehani, kichwa tu.*

Mkewe alimtazama akiandika.

"Unanisaidia kuondoka, Baba Pacha?"

"Visije vikachanganyika."

Akarudi kukunja mashuka. Anasema hiyo ndiyo saa aliyokata tamaa, na kwamba alikata tamaa bila kelele, kama taa ya jirani inavyozimwa.

Gari lilirudi Jumamosi. Jumapili saa moja asubuhi pikapu ya shule ilisimama mbele ya nyumba na dereva wake akapiga honi. King'ora alikuwa ameshaingia kwenye gari lake dakika moja kabla. Alikuwa amewasha. Kwa desturi yake, pikapu ingemkuta yuko kilomita ya kwanza ya barabara ya mzunguko.

Lakini Sikio alikuwa ameibandika ile kadi kwenye dashibodi kwa utepe, chini ya saa, na King'ora si mtu wa kuharibu kitu kilekile mara mbili. Akakaa. Hakuwa na la kufanya na mikono. Mtetemo wa injini ulipanda taratibu mgongoni mwake, na kupitia dirisha lililofunguliwa alisikia makatoni yakiburutwa kwenye sakafu ya sebule. Aliyajua kwa mlio. Lile zito lilikuwa vitabu. Lililogonga kizingiti lilikuwa cherehani, kichwa tu. Alikuwa ameyaandika yote kwa mkono wake, na sasa yalipita moja baada ya jingine, nusu ya nyumba.

Dakika mbili zikatimia. Mtaa ulikuwa wazi mbele yake. Akashuka, akaiacha injini ikiendelea, akaenda nyuma na kufungua buti. Akalipima kwa shibiri: tatu na nusu kwa urefu, mbili kwa kina. Kisha akaingia ndani.

"Mama Pacha."

"Naam." Alikuwa ameinama, anafunga kamba.

"Buti la gari linaingia sanduku moja."

Mkewe aliinuka. "Buti la gari gani?"

"Langu."

"Pikapu iko nje. Inaingia kila kitu."

"Nimeiona."

"Sasa?"

"Nitakupeleka mimi. Na sanduku moja."

"Na hivi vingine?"

Nje, dereva wa pikapu alipiga honi tena, ndefu. King'ora alitazama makatoni, mwandiko wake, utepe alionyoosha bila mkunjo hata mmoja.

"Vibaki," alisema.

"Umesemaje?"

"Vibaki. Hapa."

Mwalimu alikaa juu ya katoni la mashuka. Alikuwa ameomba neno moja, na alilipata. Si neno ambalo mtu angeliandika kwenye kadi ya harusi, anasema, na lilisemwa kwa sauti ya mtu anayeelekeza fundi wa mabomba. Lakini aliligeuza kila upande na halikuwa na maana nyingine.

"Mwalimu, mnanichezea?" dereva wa pikapu aliuliza alipoambiwa. "Saa sita nimeendesha!"

"Kunywa chai, mwanangu. Utabeba vitabu vya shule, usirudi mtupu."

Walifika alasiri. Njiani mume aliendesha taratibu mpaka mshale ulipofika katikati, na baada ya hapo hakuongeza sana. Waliongea kuhusu matairi, kuhusu mapacha na mahali pa kujaza mafuta. Kwa saa nzima hawakuongea lolote, na haikuwa tofauti sana na nyumbani, isipokuwa walikuwa wamekaa karibu zaidi, bega kwa bega, kwa sababu gari halina namna nyingine.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa na mlango wa bati wa kijani na ngazi tatu za saruji. King'ora akaingia uani kinyumenyume. Mkewe akashika mlango.

"Subiri," mumewe alisema.

"Nini?"

"Dakika mbili. Turbo."

Akauachia mlango. Injini iliendelea. Mlinzi wa shule aliinuka kwenye kiti chake, akawatazama watu wawili waliokaa ndani ya gari lililosimama bila kushuka, akaketi tena.

"Kaka yako angelicheka sana gari hili," mwalimu alisema, ilimradi aseme jambo.

"Asingeenea. Alikuwa mrefu."

"Kweli."

King'ora alikuwa anatazama saa ya dashibodi. "Hata kitanda hakikumtosha," alisema. "Ilibidi nimkunje magoti ndiyo mlango wa nyuma ufunge. Nikafunga. Nikaenda."

Mkewe hakugeuka. Miaka mitatu na zaidi, na hilo alikuwa halijui. Alisubiri kuona kama kutakuwa na machozi. Hayakuwepo. Mume alikuwa na uso uleule, mikono ileile juu ya usukani, ila kidole kimoja kilikuwa kinasugua pahali pamoja, mbele na nyuma, kama mtu anayejaribu kuamsha mkono aliokuwa ameulalia.

Dakika mbili zikapita. Ikapita ya tatu. Mwalimu hakugusa mlango, na mumewe hakuzima.